Nyumba Isiyopenda Maji

Vijana wangu, nasikia kampuni zinaajiri tena. Kila mafuriko yakipita Houston simu yangu huanza kulia. "Mzee Salim, hebu tupe siri, ile kazi ya kupanga nyumba za trela ikoje?" Mnanipigia kutoka Pearland, mnanipigia kutoka Carrollton, wengine hata baba zenu siwajui. Magoti yangu yamekwisha kwa kutambaa chini ya nyumba za watu, kwa hiyo nafasi ya kujibu ninayo. Lakini mkitaka jibu tamu nendeni kwa mwingine. Kazi hiyo ilinilisha mimi na wanangu, sikatai, na ilinitia uchungu ambao mpaka leo haujanitoka.

Kwanza mjue mnachokwenda kukifanya. Nyumba inatoka kiwandani nzima, na jiko lake, na choo chake, na pazia dirishani. Lori linaivuta mpaka kiwanjani. Ninyi mnaipandisha kwa jeki, mnaiweka juu ya nguzo za matofali ya saruji, mnaifunga kwa mikanda ya chuma isichukuliwe na upepo, mnaunga maji na umeme, mnaondoka. Kesho yake anaingia mtu aliyepoteza kwake. Hizo wanaziita nyumba za muda. Nimezipanga kwa miaka mingi na sijawahi kumsikia mtu akimwambia mwenye kuingia ni muda gani. Wazee wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na wao hawakuwahi kuiona nyumba ya kuazima.

Ninataka kuwaeleza habari za Mama Furaha, mama wa Kikongo aliyenyang'anywa nyumba kwa ajili ya usafi. Nimesema usafi, hamkusikia vibaya. Lakini hamtamwelewa mpaka muijue sakafu, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Nilifika Houston na useremala wangu wa Mombasa, nikijiona fundi. Nimechonga milango ya watu wakubwa mie! Siku ya kwanza kazini nikatoa pimamaji yangu ndefu niliyokuja nayo kwenye sanduku, nikaiweka juu ya chuma cha nyumba, nikatikisa kichwa kama daktari. Msimamizi wetu alikuwa Mmeksiko mfupi, mzee tayari wakati ule, tukimwita Don Lupe. Akaitazama pimamaji yangu, akanitazama na mimi. Akaenda kwenye gari akaleta mpira mrefu unaopitisha mwanga, ameutia maji. Ncha moja akanipa mimi nishike kwenye nguzo ya mbele, nyingine akaenda nayo nguzo ya nyuma. Maji ya kwangu yakawa juu, ya kwake chini. Nyumba niliyosema imekaa sawa ilikuwa imeinama kama mtu anayetafuta shilingi.

"Maji hayana rafiki," akaniambia. Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuokoteza, lakini hilo nililielewa.

Ukishamaliza mpira, alinifundisha, ingia ndani uweke limau katikati ya jiko. Likitembea, rudi chini. Limau lile lilinirudisha chini mara nyingi, tena kwenye tope, na Don Lupe akikaa ngazini anakula chakula chake bila haraka. Nilimchukia kweli kweli. Sasa ninamwombea kila Ijumaa, ingawa hakuwa wa dini yetu.

Yeye ndiye aliyenionyesha sakafu. Asubuhi moja aliokota kipande kilichobaki kiwandani, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akasema tufanye kazi. Wakati wa chakula cha mchana akakitoa. Kilikuwa kimevimba, ukikifinya kinabaki mkononi kama mkate uliolowekwa chai. Ile haikuwa mbao. Ni chipbodi, vumbi la mbao na gundi vilivyoshindiliwa pamoja, juu yake wamebandika karatasi ya plastiki yenye picha ya mbao nzuri. Ndiyo sakafu ya nyumba za bei ya chini, na za muda walizotupa kupanga zote zilikuwa hivyo. Maji yakipita pembeni mwa karatasi, yakaingia ukutani, hayaonekani tena. Yanakaa humo yakila.

Msinione nimenuna tu, nilicheka pia. Iko siku niliitwa Carrollton, mbali kaskazini mwa Houston, na familia moja ya Kizanzibari iliyonunua nyumba ya trela. Mlango wa chumba cha wageni ulikuwa unajifungua wenyewe. Wanaufunga, wakikaa kunywa chai, huo, polepole, unafunguka. Mama wa nyumba alikwisha kuhama chumba. Nilipofika na gari langu la vifaa nikamkuta sheikh amefika kabla yangu, amesoma, amefukiza ubani, na mlango umezidi kufunguka. Nikatoa limau mfukoni, nikaliweka chini. Likatembea mpaka kwenye viatu vya sheikh.

Udongo wa huko kaskazini ni mweusi, wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha unafura, jua likiwaka unapasuka, na nguzo zinapanda na kushuka. Nikaingia chini na jeki, na kwa kuwa mwenye nyumba aliogopa nyoka, aliyenishikia tochi ni sheikh mwenyewe, kanzu amekunja kiunoni. Nilipoinua pembe moja na kuongeza kibao, mlango juu ukatulia.

Sheikh akaniambia, "Huyu jini wako mwana hizaya, Salim. Hasikii Kurani, anataka jeki!"

Mnaona? Watu wetu wanaingia kwenye hizi nyumba na akili za nyumba za kwao. Ya Carrollton yalikwisha kwa kicheko.

Mama Furaha ni mtu wa Uvira. Vita vilimtoa kwao na binti mdogo mgongoni, mumewe vikambakiza huko huko ardhini. Akakaa kambini Kigoma, kwanza hema, kisha kibanda cha udongo alichokijenga mwenyewe, mpaka akaletwa Houston. Akapewa chumba kwenye ghorofa ya chini kabisa, yakaja mafuriko, chumba kikajaa maji mpaka kifuani. Basi akawekwa kwenye nyumba ya muda, upande wa kusini karibu na Pearland, kwenye kiwanja kilichopangwa trela kwa safu.

Nilimjua kwa sababu ya kinu. Ofisi ilinituma, mkaaji analalamika nyumba inatikisika. Nikafika, nikasikia kishindo kabla sijashuka garini. Mama alikuwa jikoni anatwanga sombe, majani ya muhogo, kinu kikubwa cha mti katikati ya sakafu, mchi unashuka kwa nguvu za mtu aliyelima. Chini, tofali la nguzo lilikuwa limepasuka vipande viwili.

"Mama," nikamwambia, "unaivunja nyumba."

"Weye, nyumba gani inavunjwa na sombe?" akanijibu. "Kwetu tunatwanga, nyumba inabakia."

Nikambadilishia tofali, nikamtafutia bamba la saruji nikaliweka nje kwa ajili ya kinu, na alipojua mimi ni mtu wa Mombasa akanikalisha nile. Tokea siku hiyo akawa ananiita Papa Zuhura, kwa jina la binti yangu, nami nikawa nikipita upande ule simpiti. Kitasa cha mlango wake wa jikoni kilipovunjika, ofisi ilichelewa, nikamchongea cha mti wa mesquite. Kidogo, chenye ua la Kiswahili kama nilivyochonga kwetu. Nilikuwa nimesahau kwamba mikono yangu inajua hivyo.

Siku nyingine nikamkuta anapiga deki. Deki ya kwetu, vijana, ambayo ninyi mliozaliwa hapa mmeisikia tu: ndoo nzima chini, sabuni, brashi, ndoo nyingine, kisha maji yote yanasukumwa mpaka mlangoni kwa ule mpira wenye mpini, Wakongo huuita rakleti. Maji yalikuwa yanateremka ngazini kama mto. Nikamwambia acha, acha! Nikatoka garini na kipande cha chipbodi, nikakitia kwenye ndoo yake, tukakaa. Binti yake Furaha alikuwa ametoka shule, akakitazama kikivimba.

"Mom, I told you," akasema. "It's not cement."

Mama Furaha alikifinya kile kipande kwa vidole. Kisha akanieleza kwamba sakafu ya nyumba yao Uvira ilikuwa ya simenti, mumewe aliimwaga mwenyewe chumba kwa chumba kila alipopata mfuko, na yeye aliiosha kila asubuhi mpaka siku waliyokimbia. "Ile siku nayo nilikuwa nimeosha," akasema. "Haikukauka hata."

Akaacha deki. Mnisikie vizuri, kwa sababu baadaye walisema ni mkaidi, hasikii. Aliacha. Akawa anafuta kwa kitambaa kilichokamuliwa, amepiga magoti, kila siku. Kile kiwanja cha muda kikawa cha miaka. Furaha alianza kuvaa viatu vya mama yake. Mlangoni kukaota matembele na lengalenga, mchicha wa kwao. Jumapili kukawa na wimbo wa kanisa lao kutoka dirisha la jikoni. Ofisini bado waliita "kitengo", mie naita nyumba.

Halafu tukapata habari. Kiwanja kinafungwa, lakini mkaaji ambaye nyumba yake ni nzima ataruhusiwa kuinunua kwa bei nafuu na kuihamisha. Isiyo nzima itavutwa. Kanisa la Mama Furaha likampatia kipande cha kiwanja cha kuiweka, mbali kidogo na mji. Mama yule alinipigia simu akilia kwa furaha. Tangu Uvira hakuwa na mlango wa kwake. "Papa Zuhura, utaipanga weye mwenyewe, na lile limau lako," akaniambia, nami nikamwahidi. Nililala siku hiyo nikiwaza nguzo nitazipanga vipi.

Kilichobaki ni mkaguzi kuja kuitazama.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anakuja, mgeni mkubwa, wa kumpa mtu nyumba. Mwanamke wa Uvira atampokea na sakafu iliyofutwa kwa kitambaa? Furaha alikuwa kazini. Mama akaazima ndoo ya pili kwa jirani, akahamisha viti nje, akaiosha nyumba yake yote siku moja kabla ya mgeni. Alimwaga maji kama Uvira. Aliosha mpaka chini ya jokofu, akasukuma maji kwa rakleti, akafungua madirisha, akatandika kitambaa cha meza cha kufuma. Aliniambia baadaye kwamba alifikiri mara moja haiwezi kuua. Mtu aliyefunga miaka yote, alisema, siku ya sikukuu anakula.

Deki zile za mwanzo, kabla sijamzuia, zilikuwa zimekwisha kuidhoofisha sakafu karibu na mlango wa jikoni. Ilikuwa imekauka ikakaa ngumu kidogo, ungeweza kuishi nayo miaka. Maji ya siku ile yakaimaliza.

Nilikuwapo mkaguzi alipofika. Alikuwa kijana wa Kikenya, Kevo, mtoto mwenye adabu, amekuja hapa kusoma akabaki. Nilipomsikia akisema "Shikamoo mzee" nikashukuru Mungu, nikasema ametujia mtu wa kwetu. Mama akamkaribisha, akamwekea chai ya maziwa na mandazi. Kevo akasifu nyumba inavyonukia. Akazunguka vyumbani, akajaribu taa, akafungua mifereji, akaja jikoni. Pale mlangoni kiatu chake kikazama. Hakikuzama sana. Alirudi nyuma hatua moja, akakanyaga tena, sakafu ikabonyea, na maji yakatoka kwenye ukingo wa karatasi yakalowesha soksi yake.

Mama Furaha akainama haraka na kitambaa. Alidhani amesahau kukausha.

Nikamtoa Kevo nje. "Mwanangu," nikamwambia, "hiyo ni kazi ya siku moja. Nakata pale palipooza, natia plaiwudi, nafunika. Mbao nitanunua mimi. Njoo kesho kutwa uitazame."

"Mzee, si mimi," akasema. "Floor ikiwa soft ni fail. Na lazima i-pass vile iko leo."

"Ameiosha kwa ajili yako! Ungekuwa mama yako nyumbani asingeiosha?"

"Angeosha," akasema Kevo, na macho yake akayaweka kwenye yale matembele. "Lakini hakuna mahali pa kuandika hiyo, mzee. Nikikuruhusu wewe utengeneze, itabidi niruhusu kila mtu."

"Basi waruhusu!"

Akaandika, akaondoka. Chai yake ilibaki mezani imeota utando. Nilikwenda ofisini, nikaongea na mkubwa wake, na mkubwa wa mkubwa wake, nikiwa na mbao tayari kwenye gari. Kila mmoja alinionea huruma. Mmoja aliniambia kwa upole kabisa kwamba wakaaji kama hawa wanahitaji kuelimishwa jinsi ya kutunza nyumba. Nilitoka kabla sijasema neno la kunitia jela. Waliojua kwamba nyumba hizo ni za vumbi la mbao ni wao, na waliozipeleka kwa watu wanaoosha kwa ndoo ni wao, na wa kuelimishwa ni Mama Furaha!

Kuivuta walitumwa watu wengine, mimi nilikataa. Lakini nilikwenda kusimama naye. Walirudisha magurudumu chini ya nyumba, wakakata mikanda, wakabomoa nguzo zangu. Kabla lori halijaondoka Mama Furaha aliwaomba wangoje, akapanda, akafuta vumbi la buti zao jikoni kwa kitambaa chake. Wale vijana walimtazama kama kichaa. Alisema hawezi kurudishia watu nyumba chafu. Hapo ndipo mimi, mtu mzima na mvi zangu, nilipolia hadharani. Matembele yalikanyagwa na magurudumu, tukaokota mashina machache.

Niliacha kazi mwaka huo huo. Nilisema ni magoti.

Sasa nisikilizeni sehemu ya mwisho. Binti yangu Zuhura anakaa Cedar Hill, huko huko kaskazini, na nikienda kumtembelea huwa kuna mtu ananitafuta, maana fundi hastaafu kwa wenzake. Safari moja akanipigia dereva mmoja, Mkenya, amenunua nyumba ya trela nje ya mji kidogo. Mlango wa jikoni hauji vizuri, mzee, hebu uupitie. Nikaenda na limau langu. Nilipoushika ule mlango mkono ukakutana na kitasa cha mesquite chenye ua.

Mke wake, kijana, bado amevaa nguo zake za unesi, akaniambia, "Karibu baba, usijali viatu." Nikaingia. Nikaenda polepole mpaka pale, nikakanyaga kwa kisigino. Pagumu. Nikakanyaga tena kwa nguvu.

"Hapo uko sawa mzee, floor iko solid," yule dereva akacheka, na yeye akarukaruka kuonyesha. "Aliyetuuzia alinunua hii kitu kwa mnada, akaweka plywood mpya all through. Alisema ilimchukua two days pekee."

Nilinyoosha bawaba, nikaweka kibao chini ya nguzo moja, nikakataa chakula nikisingizia swala.

Niliporudi Houston nilikwenda kwa Mama Furaha. Anakaa ghorofa ya pili siku hizi, chumba cha kupanga, jirani wa chini hugonga dari akisikia mchi, kwa hiyo sombe ananunua ya barafu dukani. Nilikuwa nimepanga nisimwambie, lakini uso wangu haujui kuficha. Nikamwambia nimeiona nyumba yako.

Alikuwa anakamua kitambaa cha kufutia sakafu. Akakaa chini. "Iko na watu?"

"Ina watu. Vijana, mtu na mkewe. Mke ni nesi."

"Watoto?"

"Bado."

Nilitegemea alaani, ningemsaidia kulaani, nilikuwa na maneno yangu tayari.

"Iko vizuri," akasema. "Nyumba haipendi kubaki peke yake. Basi ukirudi kule, Papa Zuhura, uwaambie kabisa wasimwange maji. Ile nyumba haipendi maji. Wasije wakaikosa na wao."

Nikamjibu nitawaambia. Sikuweza kumweleza kwamba sakafu waliyowekewa wale vijana ni ya mbao, na kwamba wangeweza kuiosha kwa ndoo kila asubuhi.